Pikipiki ya injekta ikisumbua mlimani: tafuta chanzo kabla ya kununua sensa

Mteja akiniletea pikipiki ya injekta, yaani inayonyunyiziwa petroli kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, na kulalamika kwamba inasumbua mlimani, kabla sijashika spana namwuliza swali moja: ilikusumbua ukipanda, ukishuka, au ukiwa umeshafika juu na umesimama? Wengine hunitazama kama mtu anayewapotezea muda. Lakini sisi wa Nakuru tunaishi katikati ya ngazi. Kutoka hapa barabara inapanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit. Pale inagawanyika: mkono mmoja unaendelea kupanda hadi Timboroa kuelekea Eldoret, mwingine unateremka Londiani, Kericho na Awasi hadi Kisumu. Kila ugonjwa una daraja lake la ngazi unapopenda kujitokeza, na ukilijua hilo daraja umeshamaliza nusu ya kazi.

Tuanze na hewa yenyewe. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini kama 1,850, Mau Summit inakaribia 2,500 na Timboroa inapita 2,700. Pwani hewa inasukuma kwa takribani kilopaskali 101. Kisumu ni 88 au 89, Nakuru 81 au 82, Mau Summit 75 au 76, Timboroa kama 73. Shika namba hizo, tutazirudia.

Presha ikishuka, kila pistoni inapovuta inaingiza hewa kidogo zaidi. Kabureta haina habari. Petroli inayopita ndani yake inapungua kidogo tu huku hewa ikipungua sana, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inashika masizi na tanki linakauka mapema. Pikipiki ya injekta ina kompyuta, kile kisanduku mafundi wanakiita ECU. Inasoma sensa (kifaa cha kupimia) ya presha ya hewa, joto la hewa na la injini, kasi ya injini na kiasi ulichovuta akseleta, halafu inaamua injekta ikae wazi kwa milisekunde ngapi. Hewa ikipungua, nayo inapunguza petroli. Nyingi zina pia sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, inayoonja moshi na kuirekebisha hesabu pale unapoendesha kwa mwendo wa kawaida.

Sasa neno ambalo wateja hawapendi kulisikia: injekta haikurudishii hewa iliyokosekana. Inachofanya ni kulinganisha petroli na hewa iliyopo. Kutoka Kisumu hadi Timboroa injini inapoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake, hata ikiwa mpya kutoka dukani. Ukilinganisha na Mombasa ni zaidi ya robo.

"Haina nguvu kuanzia Salgaa"

Kwa hiyo lalamiko hili mara nyingi halina ugonjwa nyuma yake. Kijana mmoja alikuja na pikipiki ya 125 inayobeba viazi kutoka Molo. Kwingine alikuwa ameshabadilishiwa sensa mbili, na gia ya nne bado ilikuwa inamshinda pale pale. Nilifungua plagi nikamwonyesha: kauri yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kavu, safi. Injini yenye plagi ya namna hiyo inachoma vizuri. Haikuwa na moshi, haikuwa inamisi, na kwenye tambarare ya kuelekea Gilgil ilikuwa inakimbia. Nikamwambia, "Kijana wangu, injini haina kosa. Ni magunia mawili na hewa ya Sachangwan."

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni bure: shuka gia mapema, kabla injini haijaanza kunung'unika. Ukiwa kwenye mwinuko mkali na akseleta imefika mwisho huku kasi ya injini ikizidi kuanguka, unaichosha tu. Ya pili ni sprokiti ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Ukitoa yenye meno 14 ukaweka ya 13 unapata asilimia 8 hivi ya ziada ya mvuto, na unalipa kwa kasi ya juu kwenye barabara tambarare. Anayebeba viazi hataikosa hiyo kasi.

Ila kama nguvu imepungua kuliko ilivyokuwa mwaka uliopita kwenye mlima ule ule, hapo tafuta. Anza na filta ya hewa. Vumbi la murram linaiziba polepole, lakini bondeni hutaona tofauti kwa sababu hewa ni nyingi na akiba ipo. Ukifika Mau Summit akiba imekwisha, na kizuizi kile kile kidogo sasa kinaonekana. Pikipiki nyingi ndogo zina filta ya karatasi iliyolowanishwa mafuta mazito kiwandani. Hiyo haioshwi kwa petroli wala haipulizwi kwa kompresa, inabadilishwa. Nimeona watu wakiiosha ikawa nyeupe kama mpya na wakajisifu, kumbe wameondoa kile kilichokuwa kinakamata vumbi.

Baada ya filta ni pampu ya mafuta. Dalili yake ina tabia ya pekee: unapanda vizuri dakika mbili tatu, akseleta imefunguka yote, halafu nguvu inafifia kama taa ya betri. Ukilegeza kidogo inarudi. Ukivuta tena inafifia. Pampu haiwezi kutoa kiasi kinachotakiwa kwa muda mrefu, mara nyingi kwa sababu kichujio chake ndani ya tanki kimejaa uchafu wa mitungi ya kando ya barabara. Pima kwa geji: nyingi hutakiwa kuwa kati ya kilopaskali 250 na 300, na Honda nyingi ni 294. Pima ukiwa umevuta akseleta pia, maana pampu mgonjwa huonyesha namba nzuri injini ikiwa imetulia. Hapa kijana wa viazi angeweza kutumia pesa zake, lakini yake ilikuwa 290 bila kutikisika.

"Inatoa moshi mweusi nikipanda, nikirudi Kisumu inapona"

Hapa ndipo sensa ya presha inastahili kushukiwa, na karibu ni hapa peke yake. Ukifungua plagi utakuta masizi makavu meusi, ukiyafuta kwa kidole yanaacha alama kama ya sufuria ya kuni. Hiyo ni petroli iliyozidi hewa. Kompyuta inaamini bado iko chini.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo hiki. Unahitaji skana, kifaa cha kusoma namba za kompyuta, yenye waya wa soketi ya pikipiki yako, na hizo siku hizi haziwi ghali. Washa swichi bila kupiga stata. Injini ikiwa haizunguki, ndani ya bomba la hewa na nje presha ni sawa, kwa hiyo sensa inasoma mwinuko wa mahali ulipo. Hapa Nakuru isome 81 au 82. Ikisoma 101, inadhani tuko Mombasa. Ikisoma 60, inadhani tuko karibu na kilele cha Mlima Elgon. Zote mbili ni uongo, na kila uongo una matokeo yake: wa kwanza unamwaga petroli kupita kiasi, wa pili unaibana mpaka injini inakohoa. Kisha piga stata. Namba ishuke vizuri na ipande unapovuta akseleta. Ikiganda mahali pamoja, sensa au waya wake umekufa.

Tahadhari moja. Watu hulinganisha na presha wanayoiona kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, wanakuta imeandika 1015 hivi (yaani kilopaskali 101.5) wanachanganyikiwa. Namba hiyo imesharekebishwa iwe kana kwamba uko baharini, ndivyo watabiri wa hali ya hewa wanavyopenda. Ukitaka ya kweli tumia simu yenye kipima presha ndani yake, au zile namba nilizotaja juu.

Sensa ikisoma sawa swichi ikiwa imewashwa lakini vibaya injini ikinguruma, angalia mpira mdogo unaotoka kwenye throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na akseleta) kwenda kwenye sensa, kwa pikipiki zilizo nao. Ni mwembamba kama mrija wa soda, unakaa karibu na joto, na hupasuka pale pale unapoingia. Ufa ukivuta hewa ya nje, sensa inasoma presha ya juu kuliko iliyopo, kompyuta inadhani injini imebeba mzigo mzito na inaongeza petroli. Upinde kwa vidole huku ukiutazama kwenye mwanga. Mpira wa shilingi chache umewahi kununuliwa sensa nzima mbele ya macho yangu.

Kuna pikipiki nyingine ambazo hesabu yake inategemea zaidi ufunguzi wa akseleta, na presha ya mahali inazipima mara moja tu unapowasha swichi. Ukitoka Kisumu ukapanda bila kuzima hadi Londiani, kompyuta bado inashikilia hewa ya Kisumu. Baadhi hujirekebisha ukifungua akseleta yote, kwa sababu hapo presha ya ndani inakaribia ya nje. Dawa ya barabarani: simama kando, zima swichi, hesabu hadi kumi, washa tena, subiri pampu ilie na kunyamaza, piga stata. Ikipona hapo hapo umeshajua tabia yake na huna cha kutengeneza. Mimi huwaambia wasafiri wasimame Kericho wanywe chai. Pikipiki inapata hewa mpya, na mpanda pikipiki vilevile.

Sensa ya oksijeni nayo inaweza kudanganya, hasa ekzosi ikiwa na tundu kabla ya sensa au mtu akiwa ameikata na kuiunga upya ili ipige kelele. Hewa ya nje inaingia, sensa inaonja oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Lakini kosa hilo litakufuata hata Kisumu, halitangoja mlima. Kama moshi uko kila mahali, anza hapo.

Usipuuze taa ya injini. Kwenye Honda nyingi zenye PGM-FI, mfumo wa injekta wa Honda, taa ikipepesa mara 1 inazungumzia sensa ya presha, 7 ni joto la injini, 8 ni sensa ya akseleta, 9 ni joto la hewa, 12 ni injekta, 21 ni oksijeni, 29 ni vali ya kurekebisha hewa. Pepeso refu linahesabiwa kumi, fupi moja, kwa hiyo refu mbili na fupi moja ni 21. Sensa ikifa, kompyuta inaweka namba ya akiba na kuendelea, ndiyo maana pikipiki haizimi bali inakuwa zuzu. Lakini ikumbuke hii: taa huwaka waya ukikatika au namba ikitoka nje ya mipaka kabisa. Sensa inayodanganya kwa kilopaskali 15 mara nyingi haiwashi taa yoyote. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha swichi.

"Inazima nikisimama juu"

Umefika Timboroa, unasimama kununua karoti, unaachia akseleta na injini inazima. Ukiwa Kisumu, kwenye sailensi, ile ngurumo ya chini usipovuta mafuta, ilikuwa sawa. Injini ikiwa kwenye sailensi inapumua kupitia kipenyo kidogo sana kando ya kijilango cha throtoli. Utando mweusi ukijenga pale, bondeni kinachobaki kinatosha, juu hakitoshi. Vali ya kurekebisha hewa hujaribu kufidia, mpaka inafika mwisho wa uwezo wake.

Ondoa bomba la hewa, nyunyizia dawa ya kusafishia throtoli kwenye kitambaa laini, futa kingo za kijilango huku ukikifungua taratibu kwa kidole. Usiguse skrubu ndogo yenye rangi ya kiwandani. Ukiizungusha umeharibu kipimo cha sensa ya akseleta na sasa una shida mbili. Kama pikipiki yako haina vali hiyo na ina skrubu ya sailensi ya kawaida, irekebishe injini ikiwa imepata moto, na ikiwezekana huko huko juu unakofanyia kazi.

"Inakufa nikiteremka tu"

Hii ndiyo iliyonifundisha kuuliza lile swali. Mzee mmoja hupeleka mikate kutoka Kericho hadi Ahero. Alikuja amekasirika.

"Fundi, ikipanda haina neno. Nikiteremka inaanza kukata, mwisho inazima."

"Ikishazima unafanya nini, mzee?"

"Naketi kando dakika kumi, halafu inawaka."

"Hujawahi kufungua tanki?"

"Nilifungua siku moja nione kama mafuta yapo. Ikavuta pumzi."

Ikavuta pumzi! Sikuhitaji kitu kingine. Kifuniko cha tanki kina njia ndogo ya kuingizia hewa kadiri petroli inavyopungua. Yake ilikuwa imezibwa na vumbi lililoshikana na petroli likawa kama ugoro. Mzee anajaza tanki Kericho hadi mdomoni, hewa iliyobaki juu ya petroli ni kidogo na ina presha ya Kericho. Anaanza kuteremka. Kila tone linalotumika linaipanua hewa ile na kuinyong'onyeza, na wakati huo huo presha ya nje inazidi kupanda. Pampu inavuta dhidi ya tanki linalotaka kuinyonya petroli irudi, na petroli yenye joto katika hali hiyo inafanya mapovu. Pampu ya mafuta haisukumi mapovu. Akirudi kupanda, presha ya nje inashuka pamoja na ya ndani, tofauti inafifia, na pikipiki inaonekana imepona.

Nilisafisha kifuniko kwa pini nyembamba na upepo mdogo wa mdomo, dakika tano. Ukishuku ugonjwa huu, pikipiki ikizima mteremkoni fungua kifuniko papo hapo. Ikipiga "fyuu" kuelekea ndani, umemaliza.

Usichanganye hilo na jambo la kawaida. Ukiteremka ukiwa kwenye gia na akseleta imefungwa, kompyuta inazima injekta kabisa. Injini inazungushwa na tairi. Unasikia ngurumo kavu, pengine mlipuko mdogo kwenye ekzosi, na unafikiri inakufa. Haifi. Na hapa nawagusa wale wa kuteremka Sachangwan kwa gia huru ili kuokoa mafuta: kwenye gia huru injini inalazimika kunywa petroli ili isizime, kwenye gia hainywi hata tone. Mnaunguza mafuta na breki kwa pamoja, na barabara ile tunaijua ilivyo.

"Ilikuwa sawa Timboroa, Kisumu inanoki"

Kugonga kama kokoto ndani ya kopo ukivuta akseleta. Mara nyingi mtu amejaza huko juu petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo yana oktani ya chini, yaani hulipuka mapema yakikandamizwa. Hewa nyembamba ya mlimani inapunguza mkandamizo wa kweli ndani ya silinda, kwa hiyo injini inavumilia. Ukishuka kwenye hewa nzito ya ziwani uvumilivu unaisha. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuua biashara ya kuchanganya, lakini chupa za kando ya njia hazina mita wala risiti. Endesha kwa upole, jaza petroli safi juu yake, na kama inaendelea kunoki baada ya tanki mbili angalia masizi magumu juu ya pistoni na joto la injini.

"Asubuhi Molo haiwaki"

Baridi na betri, kwa mpangilio huo au kinyume chake. Kabureta ilikuwa inakuwia radhi betri ikiwa hoi, ukapiga kiki. Injekta inahitaji umeme wa pampu, kompyuta na plagi kabla ya chochote. Betri iliyolala usiku isome karibu volti 12.6, ikishuka chini ya 10 unapopiga stata, kompyuta inaweza kujizima na kuanza upya kila mara. Sikiliza pampu ukiwasha swichi: ile sauti ya nyuki kwa sekunde mbili tatu. Usipoisikia, angalia fyuzi kwanza.

Na ukishaisikia, usivute akseleta. Wenye mazoea ya kabureta huivuta yote huku wakipiga stata, na kwenye pikipiki nyingi za injekta akseleta iliyofunguliwa kabisa wakati wa kuwasha ni amri ya kufunga petroli, ili kukausha injini iliyolowa. Unapiga stata mpaka betri inaisha, na petroli haikuwahi kuingia.